Kikapu kina kilo 1, nimelipia kilo 12

Mjomba, salaam.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vikapu hapa Kisumu. Nilianza na meza Kibuye, siku za Jumapili tu. Vikapu vya gugumaji nasukiwa na akina mama wa upande wa Dunga, viondo vya mkonge naletewa kutoka Ukambani, na mabakuli ya mawe nayafuata mwenyewe Tabaka, kule Kisii. Mwaka juzi binti yangu akaanza kupiga picha na kuziweka Instagram. Nikadhani ni mchezo wa watoto. Leo nusu ya wateja wangu ni watu ambao sijawahi kuonana nao: wa Nairobi na Mombasa, lakini pia Kampala, Mwanza, Wakenya walioko Marekani, dada mmoja wa London, na Mjerumani mmoja.

Taabu yangu ni pesa ya kutuma. Niliweka bei mbili basi: ndani ya Kenya sh 350, nje ya Kenya sh 3,000. Ukiniuliza hiyo 3,000 niliitoa wapi, nitakwambia ukweli: niliiona kwa muuzaji mwingine nikaiga.

Mwezi uliopita Mjerumani akanunua kikapu kimoja kikubwa cha gugumaji, akalipa cha kikapu na cha kutuma. Nikakifunga vizuri, nikakipeleka kwa kampuni ya vifurushi hapa mjini. Nyumbani nilikuwa nimekipima, pamoja na katoni hakifiki kilo moja na nusu. Kijana wa kaunta akaweka kwenye mizani, akaona, halafu akatoa tepu ya fundi cherehani akaanza kupima katoni huku na huku. Akabonyeza simu. Akaniambia, "Mama, hii ni kilo 12." Nikamwambia arudie mizani. Akasema mizani iko sawa, ila wao hawalipishi mizani. Bei aliyoitaja ilipita mara 5 ya zile pesa nilizomtoza Mjerumani. Niliona haya kumrudia mteja, nikakopa kwenye chama, nikatuma. Mume wangu tangu siku hiyo anaiita "biashara ya kusaidia wazungu".

Si hilo tu. Mteja wa Marekani aliambiwa alipe ushuru kabla ya kupewa mzigo wake. Akakataa, akaniandikia kwamba mimi ni tapeli, anataka pesa zake zote. Mzigo umerudi, uko hapa sebuleni. Dada wa Kampala naye analalamika kwamba 3,000 ni wizi, anasema nimpelekee mpaka Busia kwa basi, boda wake atauchukua. Na yule wa London ananisihi niandike "zawadi" kwenye fomu, bei niandike dola 5, eti kila mtu hufanya hivyo.

Wifi yangu ananishauri niseme kutuma ni bure halafu nipandishe bei ya vikapu vyote. Mjomba, nitoze vipi? Na kodi ya huko ni mzigo wa nani?

Mwenye Vikapu, Kisumu

*

Mwenye Vikapu,

Yule kijana wa tepu hakukuibia. Najua hukuniandikia ili usikie hivyo, lakini tuanzie hapo, kwa sababu ukishaelewa alichokuwa anapima, nusu ya barua yako imejibika.

Ndege hujaa kabla haijalemewa. Kikapu chako chepesi chepesi kimechukua nafasi ambayo ingewekwa mabakuli ya mawe ya kilo 30, na mwenye ndege anataka pesa ya nafasi hiyo. Kwa hiyo kampuni za vifurushi hupima mara mbili: uzito wa mizani, na uzito wa ukubwa. Uzito wa ukubwa hupatikana hivi: urefu mara upana mara kimo, vyote kwa sentimita, kisha unagawanya kwa 5,000. Katika hizo mbili, wanalipisha ile iliyo kubwa.

Chukua katoni ya kikapu kikubwa. Tuseme ina sentimita 40 kwa 40, kimo 36. Inakuja 57,600. Gawanya kwa 5,000, upate 11.52, wakaikaza juu hadi 12. Ndiyo kilo 12 zako hizo. Ulisafirisha hewa ya Kisumu hadi Ujerumani, mama, na hewa ikalipiwa.

Sasa geuza upande wa pili. Bakuli la mawe la Tabaka, la kilo 3 na ushee, ukilifungia kwenye katoni ya 25 kwa 25 kwa 15, uzito wa ukubwa hautimii hata kilo 2. Hapo mizani ndiyo inashinda. Kwa hiyo una bidhaa mbili zinazolipiwa kwa sheria moja lakini kwa njia zinazopishana kabisa, na wewe umezitoza zote sh 3,000. Pengine mabakuli madogo ulikuwa unapata faida bila kujua, vikapu vikaja vikala faida hiyo. Usiniulize nimejuaje, nimekaa miaka mingi kwenye ofisi ya wakala wa forodha pale Malaba, na hesabu ya "nje ya Kenya bei moja" nimeiona ikifunga maduka ya watu wazima.

Kabla ya kugusa bei, gusa katoni. Kiondo cha mkonge ni laini, kinakunjika. Kilaze kikiwa kikavu, kikunje mdomo, kibane katikati ya vipande viwili vya katoni ngumu. Utapata kifurushi cha 40 kwa 40 kwa 10. Uzito wa ukubwa ni kilo 3.2. Kutoka 12 hadi 3.2, na hujapunguza hata uzi mmoja. Tena kuna jambo tamu zaidi hapo. Posta, kwa vifurushi vidogo vinavyokwenda kama barua, huangalia mizani isizidi kilo 2, upande mrefu usizidi sentimita 60, na ukijumlisha urefu, upana na kimo visizidi 90. Jumlisha 40, 40 na 10. Umeona? Unaingia kwenye mlango kwa unywele. Kiondo kile kile kwa Posta kinapimwa kwa mizani, si kwa hewa. Safari ni ya polepole, wiki kadhaa, lakini mteja wa kiondo si mgonjwa anayesubiri dawa. Mwambie muda wa kweli, atangoja.

Kikapu cha gugumaji chenye fremu hakikunjiki, ukikikandamiza kinavunjika mbavu. Hicho usikiuze kimoja kimoja nje ya Afrika Mashariki. Uza seti. Waambie mama zako wa Dunga wasuke cha 40, cha 33 na cha 26, viingiane kama sufuria. Katoni ni ile ile, kilo za ukubwa ni zile zile 12, kwenye mizani vitatu havifiki hata nusu ya hapo, na sasa pesa ya kutuma inagawanywa kwa vikapu vitatu. Mteja anayeona ada ya kutuma inazidi bei ya kikapu atakimbia. Ada hiyo hiyo ikiwa chini ya bei ya seti, atafikiria. Na ndani ya kile kidogo kabisa kuna nafasi ya vijiko vya mawe, ambavyo havitaongeza kitu mpaka mizani ifike 12. Hiyo ndiyo hewa ya kuuza.

(Vianike siku 3 kabla ya kufunga. Gugumaji likifungwa na unyevu wa ziwa hufika na ukungu, na ukungu hauna ada ya kutuma ya kuurudisha.)

Tuje kwenye bei. Futa neno "nje ya Kenya". Si mahali. Kampala ni jirani yako kuliko Mombasa, na umewatoza wa Kampala sawa na wa Berlin. Chagua katoni nne au tano unazozitumia kila siku, zipe majina, ziandike ubavuni kwa kalamu nene: Kiondo, Seti, Bakuli Dogo, Bakuli Kubwa. Zifunge zikiwa na mzigo ndani, zikiwa tayari kabisa, selotepu na karatasi ya mapovu ikiwa humo. Zipakie kwenye tuktuk siku moja isiyo ya soko, uzipitishe kaunta ya Posta, kampuni mbili za vifurushi, na ofisi ya mizigo ya basi. Kila kaunta uliza nchi zako zile zile: Uganda, Tanzania, Uingereza, Ujerumani, Marekani. Andika kwenye daftari, na tarehe juu. Kazi ya asubuhi moja. Kuanzia hapo mteja akiuliza, hujibu kwa kubahatisha wala kwa kuiga, unafungua daftari. Rudia baada ya miezi mitatu, kwa sababu kampuni hizi huongeza ada ya mafuta bila kupiga baragumu.

Kwenye ile bei ya kaunta, ongeza boda au tuktuk ya kukufikisha hapo, na ile sehemu inayoliwa na njia ya malipo. Hapa wengi huumia kimyakimya. Mteja wa ng'ambo akikutumia pesa, unakatwa ada ya kupokea, kisha unakatwa tena kwenye kubadilisha dola kuwa shilingi, kisha ada ya kutoa. Pesa ya kutuma inapita bomba hilo hilo na inavuja vile vile. Tuseme katika rekodi zako makato yote yanafika asilimia 6, na kaunta inataka sh 4,000. Ukimtoza mteja 4,000 utapokea 3,760, na zile 240 zinatoka mfukoni mwako. Gawanya 4,000 kwa 0.94: mtoze 4,255. Si tamaa.

Katoni, selotepu na karatasi ya mapovu mimi ningeziweka kwenye bei ya kikapu, si kwenye ada ya kutuma. Wapo watakaonibishia. Sababu yangu ni mbili. Mteja akipokea mzigo ataona stempu au risiti ubavuni, na akiona umemtoza mara mbili ya kilichoandikwa, hutamweleza ukamaliza. Ya pili ninaifikia kwenye kodi.

Wifi yako hajakosea kabisa. Ndani ya Kenya, kwa kiondo kinachopanda basi kwa sh 300 au 400, tangaza kwamba kutuma ni bure na uingize hiyo pesa kwenye bei. Watu wanapenda, na hesabu haikutupi. Lakini ukiingiza ada ya Ujerumani kwenye bei ya kila kikapu, mama wa Milimani anayekuja kuchukua chake kwa miguu atakuwa anamlipia Mjerumani. Atahamia meza ya jirani, na atakuwa na haki.

Kodi, sasa. Swali lako ni mzigo wa nani. Jibu fupi: wa mpokeaji, *ikiwa ulimwambia kabla hajalipa*. Usipomwambia, sheria ya forodha bado itamdai yeye, lakini hasira atakuletea wewe, kama ulivyoona.

Marekani ndiko kulikobadilika zaidi. Miaka mingi mzigo wa chini ya dola 800 uliingia bila ushuru, na wauzaji wengi tulizoea kutolitaja jambo hilo. Msamaha huo uliondolewa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Wiki hizo mashirika ya posta ya nchi nyingi yalisitisha kwa muda vifurushi vya kwenda huko, kwa sababu hayakuwa na njia ya kukusanya ushuru. Kwa hiyo kabla hujamtajia mteja wa Marekani bei yoyote, uliza kaunta maswali mawili: mnapokea mzigo wa Marekani leo? Na ushuru unalipwa hapa mapema au unalipwa kule? Kampuni nyingine hukupa nafasi ya kulipa wewe mtumaji kila kitu mpaka mlangoni, ambayo kwenye fomu zao huitwa DDP. Ile ambayo mpokeaji hulipa ndiyo DAP. Herufi tatu tu, na ndizo zilizokuletea ule mzigo ulioko sebuleni.

Ujerumani na Umoja wa Ulaya kwa jumla: tangu tarehe 1 Julai 2021 hakuna kifurushi cha biashara kinachoingia bila VAT, hata kiwe cha euro 10. Ya Ujerumani ni asilimia 19. Na haipigwi kwenye kikapu peke yake. Inapigwa kwenye kikapu pamoja na gharama ya kukifikisha. Kikapu sh 4,000, kutuma sh 4,000, kodi inahesabiwa kwenye 8,000: sh 1,520. Juu yake mleta mzigo hudai ada yake ya kushughulikia karatasi. Ndiyo sababu yangu ya pili hiyo. Ada ya kutuma si pahali pa kufichia faida, na kila sentimita unayoipunguza kwenye katoni mteja anaiona mara mbili.

Uingereza wana mtindo wao. Mzigo wa hadi pauni 135, VAT ya asilimia 20 hutakiwa kutozwa wakati wa kuuza, na sheria yao inamtaka muuzaji wa nje ajisajili kwao. Kwa dada mmoja wa London hiyo ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya supu ya mtu mmoja. Zipo njia mbili za kawaida. Ukiuza kupitia soko kubwa la mtandaoni, soko lenyewe ndilo hukusanya VAT hiyo na kuilipa. Au unauzia duka la huko lililosajiliwa, likupe namba yake ya VAT, nalo lijishughulikie. Duka likichukua vikapu 20 kwa mpigo, hata ada ya kutuma kwa kila kikapu inashuka vizuri. Muulize huyo dada kama anajua duka. Watu wa London hujua maduka.

Na ombi lake la "zawadi", hapana. Zawadi kwa forodha yao ni kitu mtu binafsi anamtumia mtu binafsi bila kulipwa, na hata hiyo ina kikomo, pauni 39. Wewe umelipwa, na ushahidi uko kwenye simu. Pale Malaba nilikuwa nasoma majina tu: mtu anayetuma "zawadi" nane kwa mwezi ana ukoo mkubwa mno. Lakini weka kando uaminifu, tuongee fidia. Kikapu cha dola 40 ukikiandika dola 5 kikapotea njiani, utalipwa kwa dola 5, kwa mwandiko wako mwenyewe. Andika bei ya kweli, andika kitu chenyewe kwa maneno ya wazi kwa Kiingereza, kwamba ni kikapu cha kusukwa kwa mimea mikavu, nchi ya asili Kenya, na namba ya ushuru, ile inayowaambia forodha ni bidhaa ya aina gani. Vikapu vya kusukwa huingia 4602. Fomu ya Posta ya vitu vya bei ndogo ni CN22, ya bei kubwa CN23. Na kwa kuwa gugumaji ni mmea, pita ofisi ya KEPHIS, wale wakaguzi wa afya ya mimea wa serikali, uulize kama nchi hiyo inadai cheti cha afya ya mimea. Kikihitajika, gharama yake iingie kwenye daftari.

Dada wa Kampala, mshukuru. Yeye amekufundisha njia ambayo hukuiona. Basi mpaka Busia ni pesa kidogo, na mnaweza kukubaliana kwamba wewe unalipa mpaka Busia, kuvuka na kuendelea ni kwake. Ila asitegemee boda wa njia za panya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara ndogo: mzigo usiozidi dola 2,000, uliotengenezwa ndani ya jumuiya, na ulio kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi hizo mbili, unapewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani za Uganda zinaweza kubaki, kwa hiyo usimuahidi kwamba kila kitu ni bure. Pale Busia tangu 2018 kuna kituo cha pamoja, karatasi zinamalizwa upande mmoja tu, ule unakoingia mzigo. Ukienda mara ya kwanza ulizia dawati la wafanyabiashara wadogo, beba orodha ya vikapu na bei zake. Kwa Mwanza ni habari ile ile, isipokuwa mlango ni Isebania na wenzetu upande wa pili wanauita Sirari.

Angalia neno "uliotengenezwa". Kikapu cha Dunga na bakuli la Tabaka vinastahili. Siku ukiongeza mikoba ya China kwenye katoni ile ile, hiyo haistahili, na itakucheleweshea vyote.

Kuhusu Mmarekani. Hukumwambia habari ya ushuru, naye hakuuliza. Kama ni mimi, ningemrudishia bei ya kikapu yote, kwa sababu kikapu unacho na utakiuza. Ya kutuma ilishatumika kweli. Mtumie picha ya risiti, umwambie utamrudishia nusu. Akikataa nusu, mpe yote, funga ukurasa. Neno "tapeli" likiandikwa chini ya picha zako litakula zaidi ya hiyo nusu. Kwa wanaokuja, binti yako aweke ujumbe mmoja tayari kwenye simu, mfano huu:

"Asante kwa oda yako. Bei ya seti ni sh __. Kutuma hadi kwako, katoni ikiwa imefungwa na kupimwa, ni sh __, muda ni wiki __ hadi __. Bei hii haina ushuru wala VAT ya nchi yako. Utadaiwa huko kabla ya kupokea. Ukikataa kulipa na mzigo ukarudi, nitakurudishia bei ya bidhaa, si ya kutuma. Ukikubali, nijibu NDIYO nikutumie njia ya malipo."

Usimtumie namba ya malipo kabla ya hiyo NDIYO. Mtu aliyeandika NDIYO hukumbuka.

Wako watakaonyamaza wakiona hesabu hiyo. Waache. Mjerumani wako hakukimbia kwa sababu hakuiona bei ya kweli, na ungemwonyesha ungekuwa umejua mapema kama ni mteja au ni mpita njia. Mwandikie leo, bila kulia. Mwambie ile ya kwanza ulikosea kupima ukabeba mwenyewe, na sasa una seti ya vitatu, hii hapa bei yake na hii hapa ya kufikisha. Usimdai ya nyuma. Deni la chama litalipwa na seti ya pili au ya tatu ikiwa umepima sawasawa.

Mumeo mpe ile tepu ya cherehani. Awe ndiye anayepima katoni na kuandika kwenye daftari. Mtu akishashika hesabu huacha kejeli. Na lile Bakuli Kubwa nataka unitumie vipimo vyake ukishalifunga, kwa sababu nina wasiwasi unaliweka kwenye katoni ya kikapu, na hapo utakuwa unalipia hewa ya Tabaka pia.

Mjomba